Mkebe Nilioubeba Kutoka Jangwani

Siku ya tatu baada ya kumzika Kukhu, Senge alifungua fundo la leso yake. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Matulo, na senge ni dada ya baba. Vidole vya Senge siku hizi vimekakamaa, kwa hivyo alilifungua lile fundo kwa meno, ameketi kizingitini, nasi tumemzunguka na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo. Ndani ya fundo mlikuwa na sindano yenye uzi mweusi, kifungo cha shati, kipande cha mshumaa, na kitu kidogo cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo tu kuliko punje ya hindi.

"Hii alisema apewe Nasimiyu," Senge akasema, akikiinua kwenye mwanga. "Alisema mara mbili. Sasa mimi sijui ni ya kalamu ama ni ya nini."

"Si hiyo ni kofia ya valvu, Senge," binamu yangu mmoja akasema. "Ya tairi."

"Tairi gani? Mama hakuwahi kuwa hata na wilbaro."

Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga ambacho huanza kwa nguvu kisha kikakosa pa kwenda. Mimi nilinyoosha mkono nikakichukua. Kifuniko kile nilikijua. Nilikuwa nimekitafuta chini ya Landrova moja huko jangwani, nikiwa na miaka kumi, watu wanne tumepiga magoti mchangani, na hatukukipata.

Wengi wenu wa rika langu mmeshajenga, mmetulia. Mimi nimeishi katika miji tisa. Nimeuza nguo za mitumba, nimepika kwenye hoteli za madereva, nimekaa Kitale mara tatu na kuihama mara tatu. Nikiulizwa kwa nini silali Matulo zaidi ya siku mbili, huwa nina majibu mengi. Kuna biashara. Kuna baridi. Kuna maneno ya watu. Yote ni ya kweli kiasi, na yote nimechoka kuyasema. Jibu lenyewe lilikuwa ndani ya fundo la leso ya mwanamke mzee, na mimi sikujua.

Wakati ule tuliishi Endebess, ambako baba alichunga ng'ombe wa maziwa wa tajiri mmoja. Ndugu yake mdogo, Wafula, alikuwa amepata kazi na watu wa kuchimba visima huko Turkana. Alikuja likizo mara mbili, au labda ilikuwa mara tatu na nimezichanganya. Ninachokumbuka ni kwamba alinuka grisi na jua, na kwamba alipiga mluzi akila, jambo ambalo Kukhu alilikataza na yeye akaendelea kulifanya. Kisha ikaja barua badala yake. Wenzake kazini waliandika kwamba homa ilimshika siku mbili tu, kwamba gari la kumbeba lilikuwa mbali na joto halikuwaruhusu kungoja, kwamba walimzika nyuma ya kambi kwa heshima zote na kuchomeka mpini wa beleshi kichwani pake ili jamaa wakija wapaone.

Barua ile niliisoma mimi. Kukhu hakujua kusoma, na kila nilipokwenda Matulo wakati wa likizo aliitoa chini ya godoro, akaniketisha, nikasoma. Nilipofika kwenye mpini wa beleshi alitikisa kichwa akasema, "Vizuri. Wamefikiria." Nilikuwa najua barua nzima kwa moyo lakini niliendelea kufuata mistari kwa kidole, maana yeye alikuwa akikiangalia kidole.

Kwetu, mtu akizikwa mbali na hawezi kuletwa, angalau udongo wa kaburi lake huletwa. Unazikwa nyumbani kama yeye mwenyewe. Baada ya hapo ndipo waliofiwa hunyolewa nywele, na matanga yanaisha, na watu wanarudi kuwa watu. Kukhu alikuwa hajanyolewa. Mahindi yalipandwa yakavunwa, yakapandwa tena yakavunwa, na nywele zake zikasimama kichwani nyeupe na nyeusi kama majivu ya moto uliozimwa kwa maji. Kando ya kaburi la babu aliacha kipande cha ardhi cha urefu wa mtu. Hata maharagwe hakupanda pale. Majirani walianza kusema kwamba ule ni ukaidi. Usiku hakulala, Senge alisema, alikuwa akikaa tu.

Ndipo akapatikana Barasa, kijana wa Matulo aliyekuwa dereva Kitale na aliyepeleka vipuri Lodwar kila mara. Akasema atatubeba mpaka huko na kupita mbele kidogo, mpaka gari litakapokataa. Baba alinyimwa ruhusa kwa sababu mavuno yalikuwa yamefika, na ng'ombe hawangoji. Akanitoa mimi. Kukhu alikuwa na sheria zake, sijui kama ni za ukoo au alizitunga kwa uchungu: udongo wa kaburi lazima ubebwe na mtu wa damu ya nyumba ile, mtoto ambaye bado hajaanza kudanganya watu, na usiguse ardhi tena mpaka ufike utakakozikwa.

"Utaushika mapajani," aliniambia. "Ukitaka kukojoa utampa Senge. Umesikia?"

"Nimesikia, Kukhu."

"Mkebe ukilala chini, tumemwacha njiani."

Mkebe wenyewe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili, na kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka ukingoni. Senge aliuosha mara nne na bado ulinuka chapati.

Tuliondoka Kitale asubuhi, na ukungu juu ya maghala ya mahindi. Baridi ya Kitale mnaijua. Kukhu alikuwa amevaa sweta mbili na koti la marehemu babu. Tuliposhuka ule mteremko mrefu kuelekea chini, joto likatupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri, na Kukhu akavua koti, akavua sweta, akabaki na sweta moja ambayo alikataa kuivua mpaka tukarudi, kwa sababu, alisema, huwezi kwenda kumwona mwanao umevaa kama unayekwenda mtoni. Mbele yetu ardhi iliishiwa na kijani chote. Kukhu aliangalia dirishani kwa muda mrefu.

"Barasa," akasema, "hili shamba ni la nani?"

"Si la mtu, mama. Ni hivyo tu."

"Lote? Na hakuna hata mtu mmoja amejaribu kulima?"

"Kulima nini, mama? Mawe?"

"Watu wavivu," Kukhu akasema, na akalala.

Kutoka Lodwar mbele nakumbuka vipande tu. Vumbi la rangi ya unga wa wimbi kwenye meno. Mito mikavu ambayo Barasa aliivuka mbio, akipiga kelele kama anayefukuza ng'ombe. Mahali fulani, penye mikoma mitatu, ile mitende ya jangwani, gari lilizama mchangani mpaka ekseli, na Barasa akashuka, akaenda kwenye gurudumu la kwanza, akafungua kifuniko cha valvu na kuanza kutoa upepo.

Nilipiga yowe. Nilikuwa nimesikia habari za madereva wanaotupa abiria porini, na sasa nilimwona wetu akiua gari kwa mikono yake. Harufu ya upepo ule wa tairi, ya mpira uliofungiwa muda mrefu, ilinijia puani moto. Nilimrukia mgongoni.

"Senge! Anatoboa! Anatoboa gari!"

"Toa huyu mtoto, bana!" Barasa akasema akicheka. "Sitoboi. Tairi ikiwa ngumu inakata mchanga kama kisu. Ikilegea inapita juu juu, kama mguu ya ngamia. Umewahi kuona mguu ya ngamia?"

"Hapana."

"Basi leo utaona. Na utaonwa."

Alivipanga vifuniko vinne vya valvu juu ya bampa ya nyuma, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vidonge vya mgonjwa. Hata hivyo gari lilifika pale tu. Mbele yake kulikuwa na vilima vya mchanga, na vilima haviingiliki kwa gari.

Tukamngoja Lokwang chini ya mikoma. Ndiye aliyekuwa mlinzi wa kambi ya wachimbaji, na kwa mujibu wa barua alisaidia kumzika baba mdogo. Barasa alikuwa amemtumia ujumbe kupitia madereva wenzake. Alitokea akiwa na ngamia watatu wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, mwanamume mrefu, mwembamba, kigoda chake cha mti kikining'inia kidoleni, tumbaku shavuni. Alimsalimia Kukhu kwa mikono miwili.

"Mama ya Wafula," alisema.

 Kukhu alikuwa hajasikia sauti ya mtu mgeni ikimwita hivyo tangu barua ije. Alishika ile mikono miwili kwa muda, halafu akauliza, "Alikula nini, mwisho?"

"Maji," Lokwang akasema. "Na chai kidogo. Alisema haina sukari."

"Ni yeye," Kukhu akasema.

Ngamia wa mbele nilimpa jina la Mwalimu, kwa kuwa alimwangalia kila mmoja wetu kutoka juu na midomo imelegea, kama aliyesoma daftari zetu zote na hakupenda alichokiona. Lokwang alisema wao wenyewe hawapandi ngamia ovyo. Ngamia ni wa mizigo, wazee na watoto wadogo. Lakini mama amekuja kutoka milimani na miguu yake si ya mchanga. Akawalaza. Kukhu akapandishwa, mikono imeshika mbele na nyuma, midomo ikisema sala. Mimi nikawekwa juu ya Mwalimu. Senge alipanda wa mwisho, na ngamia wake aliposimama, miguu ya nyuma kwanza, Senge alitupwa mbele, kisha nyuma, na kilio alichotoa hakikuwa cha Kikristo.

"Nishushe! Nishushe, wewe mtu! Mimi ni mke wa shemasi!"

"Kaa, mama," Lokwang akasema. "Ngamia hajui shemasi."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye vilima vya mchanga, tukicheka, jambo ambalo sasa naona ni la ajabu, maana tulikuwa tunakwenda kaburini. Mpaka leo sijaona kitu kama kile. Vilima vilikuwa laini kama marundo ya unga chini ya mashine ya kusagia, na juu ya kila kimoja upepo ulikuwa ukitimua ukungu mwembamba wa mchanga, kila wakati, bila kupumzika. Niliona nyayo za ngamia wetu zikijaa tukiwa bado tunaziangalia. Hakukuwa na harufu ya kitu chochote. Kwa mtoto aliyelelewa kwenye samadi na maziwa, mahali pasipo na harufu palikuwa kama mahali pasipo na Mungu. Nilinusa mkebe mtupu ili nisikie chapati.

Kambi haikuwepo tena. Tulipita pipa moja lililooza kwa kutu, na Lokwang akasema hapo ndipo palikuwa na jiko. Akahesabu hatua kutoka kwenye pipa, akasimama, akaangalia kilima kimoja mbali chenye mawe, akasogea kushoto, akasimama tena.

"Mpini uko wapi?" Kukhu akauliza. Alikuwa ameshashuka. Alikuwa na jembe dogo, lile la palizi, ambalo alilileta kutoka Matulo likiwa limefungwa kwa gunia.

"Mpini gani, mama?"

"Wa beleshi. Waliuchomeka kichwani. Nasimiyu, mwambie."

Nikaisema ile sentensi ya barua, neno kwa neno. Lokwang aliangalia chini.

"Mbao, hapa?" akasema taratibu. "Mama, hapa mbao ni chai. Mtu akipita akaona mbao imesimama, anashukuru Mungu, anapika."

Nilimwona Kukhu akilipokea lile neno. Kwetu ukichomeka kijiti cha mpaka, babu na mjukuu watakipigania, lakini hakuna atakayekipikia chai. Wale vijana waliomzika walikuwa watu wa kwetu. Walifanya kile ambacho yeyote wetu angefanya, na kwa miaka miwili Kukhu alilala, au alikesha, akiushikilia ule mpini.

"Sawa," akasema. "Lakini ardhi ipo. Ardhi haikupikwa."

 Senge alikuwa nyuma yetu bado, akipigana na leso yake iliyopeperushwa. Kukhu akapiga magoti pale Lokwang alipokuwa amesimama na kuanza kusafisha, kama anayepalilia, akivuta mchanga wa juu pembeni ili afike kwenye udongo wenyewe, ule mgumu, uliolala na mtu. Alichimba shimo, na kingo zikaingia ndani. Akachimba tena. Akaliacha jembe akatumia mikono, kama mbwa, na kila alichotoa kilirudi na kingine zaidi. Nilitaka kumsaidia lakini mkebe ulikuwa mikononi mwangu na haukupaswa kuguswa na ardhi.

Mwisho akaacha. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye zile nywele.

"Ni hapa?" akauliza.

Lokwang alichuchumaa. "Ni hapa, mama." Halafu, kwa sauti ya chini, "Ama ni pale. Kile kilima kilikuwa upande ule tulipomzika. Sasa kiko huku. Mchanga unatembea, mama. Yeye amelala, mchanga unatembea juu yake."

"Kwa hiyo hujui."

"Ninajua hapa mpaka pale." Alionyesha kwa mkono wake wote. Ilikuwa sehemu kubwa kama soko.

Kukhu aliangalia hapa mpaka pale. Kisha akageuka, akamwona Senge akija, uso umevimba tayari kwa kulia, na akasema haraka, kwa Lokwang tu, na mimi nikiwa pale kama fenicha, "Tutasema ni hapa."

Senge alipofika, Kukhu akamwambia, "Ni hapa." Senge akaanguka pale mchangani, akaimba, akamlilia ndugu yake mpaka koo likakauka. Kukhu akajaza mkebe kwa mikono, akaufunika, akanipa. Mimi nilisikia yote, lakini nilikuwa mtoto. Niliamini kwamba Kukhu akisema mahali ni hapa, basi pamekuwa hapa. Niliukumbatia ule mkebe. Ulikuwa na joto. Nilimsalimia baba mdogo kimoyomoyo na kumwambia asiogope, tumembeba.

Turudi sasa kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema.

Njia ya kurudi nililala juu ya Mwalimu. Nilikuwa nimejiapiza kutolala, na nikalala. Tulipofika kwenye gari Lokwang alimlaza ngamia wa Senge kwanza, na Senge akaanza tena makelele yake, akataka ashikwe huku na huku, Barasa akamdaka kiuno akicheka, hata Kukhu akacheka. Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Mwalimu, alipoona mwenzake amelala, naye akaamua kulala. Ngamia hupiga magoti ya mbele kwanza. Dunia ilianguka mbele yangu. Niliamka nikiwa hewani, na mkebe ukanitangulia, ukagonga bampa ya gari.

Sikuumia. Nilikuwa nyuma ya Landrova, na mkebe ulikuwa umelala ubavu, kifuniko kimeachia, na kilichokuwa ndani kilikuwa kimemwagika juu ya mchanga. Mchanga juu ya mchanga. Niliangalia kwa makini sana, nikitafuta mahali kimoja kinaishia na kingine kinaanzia. Hapakuwa na mahali. Na upepo ulikuwa tayari umeanza kazi yake.

Senge alikuwa bado anacheka. Nilitambaa mpaka kando ya gurudumu la nyuma, nikachota kwa viganja viwili, mbio, mbio, mpaka mkebe ukajaa. Nikaufunga. Nikasimama nikiuweka tumboni.

"Umeshuka mwenyewe?" Kukhu akaniuliza. "Shujaa."

Barasa, aliyekuwa amelichimbua gari tulipokuwa vilimani, alijaza tairi upepo kwa pampu ya mguu kwa ajili ya njia ya mawe, akihesabu, akitukana kwa upole. Alipofika la nne alisimama akaangalia bampa.

"Kofia moja iko wapi? Nilikuwa nimepanga nne. Nani amekula kofia yangu?"

"Ngamia," Lokwang akasema.

Basi wakapiga magoti kuitafuta, Barasa, Lokwang na Senge, na mimi nikapiga magoti pamoja nao, mkebe kwapani, nikipapasa mchanga ule ule niliokuwa nimeuchota. Kukhu peke yake alibaki amesimama, akiangalia nyuma tulikotoka. Mwisho Barasa akasema basi, jangwa limechukua ushuru wake, tupande.

Nilikuwa na safari nzima ya kusema. Kutoka pale mpaka Lodwar, kutoka Lodwar mpaka kwenye mteremko, baridi iliporudi na Kukhu akavaa koti la babu tena. Kila nilipofungua mdomo nilimwona ameegemeza kichwa, macho wazi, mkono mmoja juu ya kifuniko cha mkebe mapajani mwangu. Mtu huanza wapi?

Matulo walikuwa wamechimba shimo kando ya babu, refu la mtu mzima, kwa ajili ya mkebe mmoja wa mchanga. Watu walijaa. Waliimba vizuri. Nilisimama mbele kwa sababu mimi ndiye niliyebeba, na watu walinisifu, wakanigusa kichwa. Kukhu alikataa kuumwaga mchanga wote mara moja. Aliutoa kwa mkono wa kulia, kiganja baada ya kiganja, akiuachia utiririke kati ya vidole. Niliona ulikuwa mweusi kuliko ule wa vilimani, na ulikuwa na vijiwe. Nilidhani ulinuka gari. Nilingoja mtu aseme.

Kwenye kiganja cha tatu au cha nne mkono wake ulisimama. Aliangalia ndani ya kiganja. Halafu akakifumba, akashusha mkono ubavuni, na mchanga uliobaki akautoa kwa mkono wa kushoto mpaka mkebe ukaisha. Watu hawakuona lolote. Wimbo haukukatika.

Kesho yake akanyolewa. Mwanamke jirani alimketisha uani na wembe na bakuli la maji, na zile nywele za miaka miwili zikaanguka begani mwake vipande vipande. Kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo, cha mviringo, kama cha mtoto. Alisema amesikia baridi, akaingia ndani, akalala. Alilala mchana kutwa. Senge alitembea kwa ncha za vidole na kumfukuza kila kuku. Alikuwa akilia kwa furaha. "Mama amelala," alimwambia kila aliyepita. "Hebu oneni, mama amelala."

Nilikwenda kumwamsha. Nilikuwa nimeamua kusema, liwe liwalo. Niliingia, nikapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, akikoroma, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, umefumbwa kabisa, ngumi, vifundo vimekuwa vyeupe. Nikajua amekasirika. Nikajua anajua, au baba mdogo amemwambia usingizini, na ile ngumi ni yangu. Nikarudi kinyumenyume mpaka nje. Siku iliyofuata nikaomba kurudishwa Endebess, na tangu hapo sijawahi kukaa.

Kukhu aliishi miaka mingi baada ya pale, tena akilala vizuri. Kila nilipopita alinipikia. Mara nyingine aliniangalia kama anayengoja niseme kitu, nami nikaangalia saa. "Unaenda tena?" angeuliza. "Naenda, Kukhu." "Haya. Barabara zipo." Kumbe ile ngumi haikuwa hasira. Alikuwa amelala ameshika kifuniko cha valvu. Alijua mchanga ule umetoka wapi, kwa kuwa alikuwa pale Barasa alipokitafuta. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshasema tutasema ni hapa. Angenigombeza kwa lipi? Akamzika mwanawe kwa mchanga wa chini ya gurudumu, akanyolewa, akalala. Na siri yangu akaifunga kwenye leso, akaitunza mpaka nije kuichukua, na mimi nikachelewa.

Jioni ile ya siku ya tatu, wageni walipopungua, Senge aliniomba nimshike mkono tukaangalie makaburi. Wachimbaji wa kaburi la Kukhu walikuwa wamerusha udongo kila upande, na vijana waliobeba viti walikuwa wamekanyaga kila kitu. La babu lilionekana, lina saruji. Pembeni yake palikuwa na udongo mwekundu tu, umesambaa, na majani ya mgomba yaliyotupwa.

"Wamemfukia ndugu yangu," Senge akasema. Macho yake hayaoni mbali siku hizi. Aliinama, akapapasa kwa fimbo. "Alikuwa wapi kabisa, Nasimiyu? Si wewe ndiye ulimbeba?"

Nilitafuta. Nilitafuta hata chembe moja ya mchanga wa jangwani. Hapakuwa na kitu. Angeweza kuwa hapa, au pale karibu na ua, au tayari chini ya Kukhu mwenyewe. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwangu, nikakibonyeza kwa kidole gumba. Senge alikuwa amenigeuzia uso, anangoja, na uso wenyewe ulikuwa umevimba tayari kwa kulia, vile vile kama siku ile leso yake ilipopeperushwa.

"Ni hapa, Senge," nikasema, na nikakaa chini papo hapo, juu ya ule udongo, ili asiniulize tena.